Sentensi Aliyoiacha Ilyasi

Siku Ilyasi alipokosekana, mvua ilikuwa ikinyesha mtaa wa Muhima, Kigali, tangu adhuhuri, na darasa lake lilikuwa limeshakaa likimngoja.

Darasa lenyewe lilikuwa stoo tu, nyuma ya duka la vitenge la baba yake, mzee Usumani. Marobota yalipangwa hadi dari upande mmoja, na upande wa pili palitandikwa mkeka. Juu ya mkeka walikaa watu watatu waliosoma pamoja mwaka wa pili wa chuo kikuu. Raihana alikuwa mdogo wake Ilyasi. Norman alikulia Kampala, akaja Kigali na wazazi wake akiwa mkubwa, mdomo wake haukujua kupumzika. Wa tatu alikuwa Mutoni, binti kutoka Ndera, nje kidogo ya jiji, mlokole, mtu wa kusikiliza zaidi ya kusema.

Ilyasi alikuwa ameshamaliza shahada ileile waliyokuwa wakiisomea. Kazi alikuwa bado anaitafuta, kwa hiyo mchana alimsaidia baba yake dukani na jioni akawafundisha hawa watatu somo la takwimu lililowatoa jasho. Hakuwatoza kitu. Sharti lake lilikuwa moja, na alilitamka tangu siku ya kwanza: asije mtu na karatasi ya kuibia, wala habari za simu kwenye soksi. "Anayetaka njia ya mkato," alisema, "atokee mlango wa mbele, ajinunulie kitenge, aende zake."

Namna yake ya kufundisha aliitoa chuoni, kule alikosomea Kurani yeye na Raihana walipokuwa watoto. Mlikaa duara. Yeye alitamka, nyinyi mkafuata, mkarudia mpaka ulimi usijikwae. Aliyekosea neno moja alirudia peke yake, wenzake wakimtazama. Maana ilikuja baadaye. "Kwanza tuibebe," alikuwa akisema, "kisha tuifungue." Kuifungua ndiko kulikomfurahisha. Wiki iliyofuata aliileta sentensi ileile mbele yao, akaitia tarakimu, akaigeuza huku na huku, akawaambia, "Haya, nani ataivunja?" Mara nyingine ilivunjika kweli, naye akacheka, akaitengeneza upya. Ikishatengenezwa, kila mtu aliondoka nayo kwa maneno yake mwenyewe.

Wiki iliyotangulia walikuwa wamebeba sentensi ya sampuli. Aliitunga kwa mfano wa dukani, wao wakaikariri kwa Kiingereza cha mtihani: usilihukumu robota kwa kitambaa cha juu; chomoa juu, chomoa katikati, chomoa chini, na kila kitambaa kipate nafasi sawa ya kuchomolewa; ukichomoa mara mbili zaidi, shaka yako inapungua nusu. Siku ile ya mvua ndiyo waliyopanga kuifungua.

"Mwalimu leo amelala," Norman alisema. "Au kapata mchumba, sha jamani. Raihana, tuambie ukweli, tuanze kuchanga harusi."

"Kaenda stendi ya Nyabugogo kupokea mzigo wa Baba. Mvua imemshika."

"Mvua gani inamshika mtu mwenye moto? Turudie basi, asije akatukuta midomo wazi."

Wakarudia. Walikuwa wamefika katikati ya robota pazia liliposogezwa. Mzee Usumani alisimama pale, simu mkononi, akiwatazama mmoja mmoja kama anayewahesabu watoto wake na kukuta mmoja hayupo.  Kisha akamwambia Raihana, kwa sauti ya chini sana, avae viatu.

Pikipiki iliyombeba Ilyasi iliteleza kwenye mteremko. Ilyasi alifika hospitali akiwa ameshakata roho.

Alizikwa kesho yake. Siku za matanga nyumba ilijaa, na Norman na Mutoni walikuja kila siku. Norman alibeba maji na viti, Mutoni alikaa na wanawake mkekani, kichwa amekifunika kwa heshima ya nyumba. Wageni walipopungua, watatu wale walijikuta pembeni ya ua wakiirudia sentensi, polepole, bila kupanga.  Raihana alisikia kama kaka yake yuko chumba cha pili, anangoja mmoja akosee.

Mtihani ulikuja kabla machozi hayajakauka. Swali la mwisho liliuliza habari ya sampuli. Raihana alilisoma mara moja. Akaandika maneno ya Ilyasi yote, mfano wa robota na mengineyo, hakupunguza hata kituo.

Barua pepe iliwafikia wote siku moja. Waliitwa mbele ya kamati ya nidhamu kwa tuhuma ya kupata jibu kabla ya mtihani. Adhabu ya kosa hilo kila mwanafunzi aliijua: kufukuzwa.

Mwalimu wa somo, Daktari Gasana, aliwakuta ukumbini wakiwa wamezikodolea macho simu zao. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka kudanganywa.

"Nimesahihisha miaka mingi," aliwaambia. "Watu watatu hawaoti robota moja la vitenge. Maneno yaleyale, kituo palepale. Na mwisho kosa lilelile! Nimeuliza. Nimeambiwa kulikuwa na kijana akiwafundisha Muhima, na kwamba sasa ni marehemu. Poleni sana." Akashusha sauti. "Kama ni yeye aliyepata karatasi, semeni. Kamati itawaona nyinyi mlipotoshwa. Mtarudia mwaka, lakini mtabaki chuoni. Yeye hakuna atakayemwita."

Alipoondoka, walitoka nje mpaka chini ya ukuta wa maktaba.

"Mmemsikia," Norman alisema.

"Nimemsikia," alijibu Raihana. "Unataka kusema nini?"

"Sisemi kitu. Nasema tu tumemsikia."

"Norman!"

"Usinifokee, dada. Mimi nilimpenda Ilyasi, Mungu anajua. Lakini Ilyasi hawezi kufukuzwa chuo. Mimi naweza. Dada yangu pale Kabeza anauza nyanya na mkaa ili nisome, leo nikamwambie nini? Kwamba nimefukuzwa kwa kulinda jina la mtu aliye kaburini?"

"Jina la mtu aliyekufundisha bure."

"Bure! Ona bure yake imetufikisha wapi."

Raihana alimsogelea mpaka Norman akarudi nyuma. "Ukienda mle ndani ukasema kaka yangu aliiba mtihani, ujue mama yangu atausikia huo uzushi sokoni kabla hujatoka mlangoni. Uliletewa chai na mama yangu, Norman. Wiki nzima."

"Sijasema nitasema."

"Hujasema hutasema pia."

Mutoni alikuwa amekaa kwenye ngazi, kitabu cha takwimu kimefunguka magotini. Hakuwa ameinua uso tangu walipotoka. "Kosa lilelile," alisema sasa. "Daktari amesema kweli. Hamjauliza kosa gani?"

Wakamgeukia.

"Ukichomoa mara mbili zaidi, shaka haipungui nusu. Ili ipungue nusu lazima uchomoe mara nne. Iko hapa." Akaweka kidole kwenye ukurasa. "Ilyasi alikosea."

Raihana aliusoma mstari ule. "Umejua lini?"

"Wakati wa matanga."

"Kabla ya mtihani? Ukajua, ukaandika hivyohivyo?"

"Mana we, Mungu wangu, Raihana, ningefanyaje?" Mutoni aliondoa kidole kitabuni. "Nimekaa mkekani kwa mama yako, watu wanamwombea mwanawe, halafu ninyooshe mkono niseme marehemu hajui hesabu? Na kwenye mtihani nilianza kuandika nne. Kalamu ilikuwa hapo. Nikaona kama namkatiza anapoongea. Nikaandika mbili."

Norman alicheka kicheko kisicho na furaha. "Hongera zetu. Mmoja analia, mmoja anajua na ananyamaza, na mimi kasuku." Akachukua mkoba wake. "Tutaonana huko mbele ya kamati."

Walimtazama akiteremka mpaka akapotea. Raihana hakujua ni maneno gani aliyoyabeba kichwani.

Walibaki wawili. Kwa muda mrefu Raihana alikitazama kile kitabu kama adui. Kisha akakaa chini kando ya Mutoni, akasema, "Haya. Tuifungue." Wakachukua kalamu.

Jioni hiyo alimweleza baba yake. Mzee Usumani alikuwa akikunja vitenge vilivyotandazwa na wateja, na mikono yake haikusimama mpaka Raihana alipofika kwenye habari ya kosa.

"Utaenda kusema mbele ya watu kwamba Ilyasi alifundisha makosa?"

"Baba, wanadhani aliiba."

"Waambie hakuiba. Inatosha."

"Haitoshi. Kila mwizi husema hivyo."

"Sikiliza, mwanangu." Aliweka kitenge chini. "Sisi maiti wetu tunamtaja kwa wema. Nimewafundisha hivyo, nami nimefundishwa hivyo. Yule hawezi kujitetea wala kujirekebisha. Uking'oa kosa lake ukalitembeza, litabaki hivyo siku zote. Watu watasahau mengine yote aliyofanya, watakumbuka hilo."

"Na wakikumbuka wizi?"

 Mzee alirudi kwenye vitenge vyake, akakunja upya kimoja kilichokuwa kimeshakunjwa vizuri. Raihana aliondoka bila ruhusa na bila katazo, na hajui hata leo lipi kati ya hayo mawili lingekuwa rahisi kulibeba.

Siku ya kikao waliwekwa kwenye benchi nje ya mlango. Aliitwa Norman kwanza. Aliinuka bila kuwatazama, akavuta koti lake, akaingia. Mlango ulikuwa mnene. Sauti zilitoka kama za watu wanaozungumza chini ya blanketi. Raihana alijaribu kuomba dua, akajikuta anaikariri sentensi. Mutoni alimshika mkono.

Norman alitoka akiwa amelowa jasho.

"Umesema nini?" Raihana alimnong'oneza.

Alitikisa kichwa. "Nimesema tuliipata kwa Ilyasi."

"Na yeye aliipata wapi?"

"Waliniuliza hivyo." Akavua koti. "Nikasema sijui."

"Hujui?"

"Raihana, walinibana..."

Hakumaliza. Jina la Raihana liliitwa.

Chumbani kulikuwa na watu watatu. Daktari Gasana alikaa pembeni. Katikati, akiongoza kikao, alikaa mama wa makamo aitwaye Pudentienne, ambaye wanafunzi walimwita Madamu na kumkwepa ukumbini. Wa tatu alikuwa akiandika. Karatasi za mtihani zilitandazwa mezani, ubavu kwa ubavu.

"Mwenzako anasema jibu lilitoka kwa marehemu kaka yako," Madamu alianza, "na hajui marehemu alilitoa wapi. Wewe unajua?"

"Ndiyo, Madamu. Alilitunga mwenyewe."

"Una ushahidi?"

Raihana alikuwa amepanga maneno yake tangu alfajiri, na yote yakampotea. Likabaki lile moja ambalo baba yake hakutaka lisikike. Alihisi kama analichomoa mwilini.

"Ushahidi ni kwamba alikosea."

Aliyekuwa akiandika aliinua kichwa.

"Sentensi ya mwisho si sahihi," Raihana aliendelea. "Alisema mara mbili, nayo ni mara nne. Mtu aliyeiba majibu angeleta lililo sahihi. Kaka yangu hakuwa na majibu yenu. Alikuwa na kichwa chake, na pale kichwa chake kilikosea, nasi tukakosea naye."

Madamu hakuonyesha kusadiki wala kukataa. "Angeweza kupata swali bila majibu. Akaona swali la sampuli linakuja, akawatungia jibu, akawakaririsha. Hilo nalo ni wizi."

 Hilo Raihana hakuwa amelifikiria.  Daktari Gasana alikuwa akimtazama kwa huruma ambayo ilimuudhi kuliko hasira, na ile hasira yake mwenyewe ndiyo iliyomfumbua macho.

"Madamu, naomba utazame maswali mengine."

"Yapi?"

"Yote. Yote alitufundisha yeye, na yote tuliyabeba kwa mdomo kwanza, kama hili. Lakini tazama kama yanafanana."

Madamu Pudentienne alivaa miwani. Alifunua karatasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, akarudi ya kwanza. Alifanya hivyo taratibu, bila kujali kuwa kuna mtu amesimama mbele yake. Gasana alisogeza kiti, akaanza kusoma naye.

"Hayafanani," Gasana alisema hatimaye, kama anayejiambia mwenyewe. "Huyu katumia mfano wa kuku. Huyu wa kanisani kwao. Huyu..." Akafunua ukurasa mwingine.

"Kwa nini hili peke yake?" Madamu aliuliza.

Hapo Raihana akaeleza: chuo cha utotoni, duara, kubeba na kufungua, namna kila sentensi ilivyotiwa tarakimu wiki ya pili na kuvunjwa na kutengenezwa mpaka kila mtu akawa na yake. Akaeleza siku ya mvua. "Hii tulikuwa tunamngoja aje aifungue," alisema. "Hakuja. Sisi tukaiacha ilivyo. Hatukutaka kuigusa."

 Kisha Madamu Pudentienne alichukua kalamu ya ubaoni, akamnyooshea. "Ifungue wewe."

Tarakimu za kwanza ziliandikika kama za mtoto. Akaandika vitambaa mia moja, shaka mbili. Akaandika mia mbili, shaka moja nukta nne, akageuka: "Nimechomoa mara mbili, na haijafika nusu." Akaandika mia nne. Shaka moja. Walimuuliza kwa nini, naye akajibu. Walibadilisha tarakimu, akakwama, akafuta, akaanza tena, akafika. Walipomwambia akae, ndipo alipotambua kuwa machozi yalikuwa yakimtoka muda wote.

Mutoni aliitwa, akapewa kalamu ileile, akamaliza haraka. Norman aliitwa mara ya pili. Kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo walimsikia akisema sentensi yote bila kujikwaa, chomoa juu, chomoa katikati, chomoa chini. Kisha Madamu akauliza kitu kifupi, na Norman akaanza sentensi upya kutoka mwanzo.

Uamuzi ulisomwa mchana uleule. Tuhuma ya kupata jibu kabla ya mtihani ilifutwa, na katibu aliagizwa kuandika kwamba marehemu hakuhusika na udanganyifu wowote. Swali la sampuli lilifutiwa alama kwa wote watatu, maana hakuna aliyelijibu kwa maneno yake. Raihana na Mutoni walifaulu kwa alama za maswali yaliyobaki. Za Norman hazikutosha.

Nje, Norman alisimama mbali kidogo nao, mikono mfukoni.

"Niseme pole?" aliuliza.

"Sema," alijibu Mutoni.

"Pole." Alimtazama Raihana. "Nilisema sijui kwa sababu... Ilyasi nilimjua. Nilijua kabisa. Nikaogopa."

"Nilikuona umeogopa," Raihana alisema. Hakusema amemsamehe, maana ilikuwa bado.

Alimkuta baba yake dukani peke yake. Alimwambia yote, hata lile la ubaoni, na kwamba kosa limeandikwa kwenye kumbukumbu za chuo pamoja na jina safi. Mzee Usumani alisikiliza akiwa amesimama, kiganja juu ya meza. Adhana ya magharibi ilianza. Kwa kawaida angekuwa ameshateremsha mlango.

"Alikosea wapi hasa?" aliuliza.

"Baba?"

"Nionyeshe. Mama yako akisikia kwa watu, awe na mtu wa kumweleza."

Raihana alichukua chaki ya kukatia vitambaa, akamwandikia mezani. Mzee aliinamia tarakimu zile kwa muda, midomo ikicheza. Hakusema kama ameelewa. Alisema tu kuwa Ilyasi tangu mdogo alikuwa na haraka, kisha akaenda kutia udhu.

Norman anarudia mtihani mwezi wa nane. Jumamosi Raihana hupanda basi hadi Kabeza, kwenye duka la dada yake Norman, nao husoma pamoja kati ya mkaa na nyanya. Norman bado anapata shida na sampuli.